Walioogelea Tumboni mwa Mama

Mama alitaka wafe, mimi nilitaka waishi. Huo ndio ulikuwa ugomvi wetu mkubwa mwaka uliofuata yale mafuriko makubwa ya Mto Tana, na kila nikiukumbuka nacheka kwanza, halafu nanyamaza.

Nazungumzia bakteria. Wapo bakteria ambao kwao ni tumboni mwa binadamu, mle mle kwenye asidi inayoweza kulainisha mwiba wa samaki. Mwili wao umejipinda kama parafujo, na kwenye ncha moja wana mikia myembamba, minne au zaidi, inayozunguka na kuwasukuma mbele. Bila mikia hiyo hawadumu. Tumbo hujisafisha bila kuchoka. Ute wake huteremka pamoja na chakula, na asiyeweza kuogelea kuufikia ukuta wa tumbo, ambako asidi haina makali, huchukuliwa na mkondo akaishia chooni. Watafiti wa ng'ambo walikuwa wameshalionyesha hilo kwa watoto wa nguruwe: waliharibu jeni moja ya mkia, wakawalisha wanyama hao bakteria wasioogelea, na baada ya muda hawakumpata hata mmoja. Nikiwasimulia majirani zetu Waislamu habari hiyo nilisema tu "wanyama fulani" nikapita haraka.

Nilikuwa Nairobi nikisoma shahada ya pili, na jeni hizo za mwendo ndizo zilikuwa kazi yangu. Swali langu lilikuwa dogo la kuchekesha. Katika jeni mojawapo inayosaidia kujenga mikia pana mahali ambapo herufi moja ya DNA imejirudia mfululizo, kama mtoto wa darasa la kwanza aliyejaza mstari mzima kwa herufi ile ile. Bakteria anapojinakili, hapo ndipo anapoteleza. Huongeza herufi moja, au huruka moja. Basi, mkia haujengwi tena, na watoto na wajukuu wake wote husimama pale walipo. Kisha mmoja wa vizazi vyao huteleza tena, herufi zikarudia idadi yake ya kwanza, na ukoo unaanza kuogelea upya. Nilitaka kujua kama hayo hutokea kwa watu wanaokaa mbali na hospitali, ambao matumbo yao hayajazoea dawa, au ni mambo ya maabara tu.

Kwa hiyo nilihitaji bakteria hai wa watu wa kwetu. Hai, na wanaoogelea. Kusema ni rahisi. Wadudu hao wanaoweza kukaa kwenye asidi miaka hamsini hawawezi kustahimili hewa ya kawaida hata kidogo. Wakipigwa na upepo hujikunja wakawa viduara na kunyamaza. Nilikuwa nimekwenda nyanjani mara mbili, pande nyingine, na mara zote mbili nilirudi na viduara. Profesa wangu, mtu mpole asiyepandisha sauti, aliniita ofisini akaniambia kwa upole ule ule kwamba fedha za utafiti zinakwisha muhula ule. Nirudi na ukoo mmoja wenye mwendo, au nafasi yangu wapewe wengine. Binti wa mkulima wa Mto Tana hapati nafasi kama ile mara mbili, na mimi nililijua hilo kuliko yeye.

Nikaenda nyumbani, kwa mama.

Kwetu ni kijiji cha kando ya mto, upande wa Golbanti, na Garsen ndiko tulikokuwa tukiona mji. Mafuriko yalikuwa yamekwenda zake na kuacha mstari wa tope kwenye kuta, juu kuliko madirisha. Mto ulikuwa umehamisha ukingo wake ukala shamba la ndizi la mama na kumwachia mchanga, na yeye akapanda mpunga kwenye kile kilichobaki, bila kumnung'unikia mtu. Nilifika mpunga unaanza kubeba. Harufu ile ya mpunga mbichi na tope linalokauka, sijaipata popote pengine, na hata leo nikipita karibu na mfereji wa maji baada ya mvua huwa nasimama ghafla, watu wakanigonga kwa nyuma.

Baba alikuwa keshafariki. Mama aliishi peke yake na tumbo lake. Nasema hivyo kwa sababu alilizungumzia kama mtu wa pili ndani ya nyumba. "Leo limeamka vibaya," alikuwa akisema, au, "Limekataa maharage." Lilikuwa likimuuma tangu mimi nasoma msingi. Zahanati walimpa vidonge vyeupe vya kutafuna na kumwambia ni mawazo, apunguze mawazo, kana kwamba mawazo ni chumvi. Yeye aliwasikiliza kwa adabu, lakini maelezo yake alikuwa nayo: ndani mna kitu, na kitu hicho kinatembea. Wanawake wengi wa kwetu walisema hivyo, wakikiita chango, kama mnyoo wa tumboni, na mimi niliyekwenda shule nilikuwa nikicheka.

Dawa yake kubwa ilikuwa maziwa. Jirani yetu wa upande wa malishoni, mama wa Kiorma aliyekuwa rika lake, alimletea kila asubuhi kibuyu kilichofukizwa moshi, na mama akampa mahindi au ndizi. Walizungumza Kiswahili, kwa kuwa mmoja alikuwa na Kiorma chake na mwingine Kipokomo chake. Kilikuwa Kiswahili cha kazi, kisicho na mapambo, na walielewana kuliko watu wengi ninaowajua wenye diploma ya lugha.

Njia yangu ya kuwatoa bakteria tumboni ilikuwa uzi. Hospitali zenye mitambo ya kuingiza kamera kooni zilikuwa mbali, na nani angekubali? Lakini kulikuwa na kidonge kikubwa ambacho ndani yake umekunjwa uzi mrefu. Mtu anakimeza na maji kabla hajala, na ncha ya uzi inabaki nje, imebandikwa shavuni kwa plasta. Kidonge kinashuka, uzi unajikunjua mpaka tumboni na kulowa ute. Baada ya kama saa moja unauvuta taratibu, unakata kipande cha chini, na hapo ndipo walipo.

Nilieleza hayo yote kwa wanakijiji kwa ufasaha wangu wote. Wakanisikiliza. Kisha wakaanza kuondoka mmoja mmoja, huyu ana mbuzi, yule ana mgeni. Lililowakimbiza nililijua baadaye: ilishasambaa kwamba uzi ukivutwa unaweza kutoka na utumbo. Jirani wa Kiorma alibaki amekaa, anautazama uzi.

"Wewe nasoma miaka mingi," akaniambia, "halafu nakuja lisha mama yako kamba?"

Mama akacheka hadi akashika tumbo, na kicheko kikageuka maumivu. Alipopata pumzi akaniuliza jambo moja tu, kama ninayo dawa ya kuwaua hao wadudu. Nikamwambia ninayo. Kila atakayemeza uzi nitampa dawa za wiki mbili, ndivyo utafiti ulivyotaka.

"Basi uzi wako nitaumeza," akasema. Nyumbani tulisema Kipokomo, na maneno yake hapa nayaweka kwa Kiswahili, ila ukali wake ni ule ule. "Lakini dawa unipe siku hiyo hiyo. Sitaki kusikia eti wadudu wako hawajashiba."

Akameza kesho yake asubuhi. Alikaa kwenye kigoda mlangoni, uzi umebandikwa shavuni, na wapita njia wakamsalimu naye akaitikia kwa mkono, hawezi kufungua kinywa. Nafikiri ndiyo saa pekee niliyowahi kumwona mama kanyamaza mchana. Nilipouvuta, machozi yalimtoka lakini hakunishika mkono. Uzi ukatoka, na utumbo ukabaki mahali pake, jambo ambalo jirani yetu alilitangaza huko malishoni kwa siku nyingi.

Hadubini niliyokuja nayo ilikuwa ya kizamani, ya kutumia kioo kukamata mwanga wa jua. Niliiweka juu ya meza uwanjani, nikapaka tone la ule ute kwenye kipande cha kioo, nikainama. Kwanza niliona takataka tu. Halafu mmoja akapita. Mmoja tu, anazunguka huku anakwenda, kama anayekata kona bila kupunguza mwendo. Halafu mwingine. Moyo wangu ulidunda hadi jicho likawa linacheza kwenye lenzi. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuwaona wa mtu wa kwetu wakiwa hai, na mtu huyo alikuwa mama.

"Njoo uone," nikamwambia.

Alifumba jicho lisilopasa, kisha akafumba yote mawili, mpaka nikamziba moja kwa kiganja changu. Akatulia. 

"Nilisema," akasema polepole. "Nilisema kinatembea."

Miaka yote ile hakuna aliyemwamini, hata mimi. Hakunisuta. Alimwita tu jirani yake, naye akainama akatazama muda mrefu, leso yake nyeusi imefunika hadubini nzima.

"Hii nahama," akaamua jirani. "Iko nataka malisho mbele."

Sijawahi kupata sentensi fupi zaidi ya kueleza kazi yangu. Mama naye akarudi kutazama mara nyingine, akainuka, akajifuta jicho.

"Wazuri kweli," akasema. "Sasa waue."

Siku hiyo hiyo akaanza dawa, kama tulivyopatana. Na mimi nikaanza kazi ya kuwaweka hai wale waliotoka. Sehemu ya ute niliipaka kwenye sahani za maabara nikazitia ndani ya chupa ya mdomo mpana, nikawasha mshumaa humo na kufunga kifuniko, ili mshumaa upunguze hewa kisha uzime wenyewe. Sehemu nyingine niliichoma kwa sindano katikati ya jeli ya mwani ndani ya kichupa kidogo. Jeli hiyo niliifanya laini kuliko kawaida, maana hiyo ndiyo ilikuwa mizani yangu. Asiye na mkia hukua pale pale alipochomwa, mstari mmoja mwembamba. Mwenye mkia huogelea ndani ya jeli, na baada ya siku chache unaona kama ukungu unatambaa kutoka katikati kwenda pembeni.

Shida ilikuwa joto. Wanataka joto la mwili, si zaidi wala si pungufu. Mchana wa Garsen hautaki mtu akufundishe joto, lakini jua likizama upepo wa mtoni hutuliza kila kitu. Mashine ya kutunza joto ilikuwa Nairobi, na umeme wa kuiendesha haukuwepo kwetu. Nilikuwa nimeshika kichwa, mama akaniuliza wanataka joto kiasi gani.

"Kama la tumbo lako."

"Basi si hili hapa?"

Akakichukua kichupa, akakikunja ndani ya pindo la leso kiunoni, kibindoni, mahali ambapo wanawake wa kwetu huweka pesa na funguo na chochote wasichotaka kipotee. Akapiga fundo lake lile ambalo sijapata kuona linafunguka. Hivyo ndivyo bakteria waliotolewa tumboni mwa mama walivyorudishwa karibu na tumbo la mama, ngozi tu katikati. Alilala nacho, akaamka nacho, akaenda nacho shambani.

Wakati ule ilikuwa msimu wa kuamia ndege. Mpunga ukianza kubeba, ndege wadogo huja kwa makundi na kuumaliza usipokuwa macho, kwa hiyo watu hujenga dungu, jukwaa la miti katikati ya shamba, na kushinda juu yake wakipiga kelele na kurusha udongo kwa kombeo. Mama alikuwa na sauti ya kuamia inayosikika ng'ambo ya mto. Nilimpenda sana akiwa juu pale. Alisahau umri, alisahau tumbo, aliwatukana ndege na nyanya zao. Nilikuwa nampandia kutazama kichupa, naye hufungua fundo kwa heshima kabisa na kukitoa.

"Wametembea?"

"Bado kidogo."

"Wanakula nini humo?"

"Wameshawekewa chakula, mama. Kimo ndani ya jeli."

Akaitazama ile jeli, haina rangi, haina harufu, na akakirudisha kichupa kibindoni bila kusema neno. Laiti ningeutilia maanani ule ukimya.

Sahani za kwenye chupa hazikuota kitu. Nilizifungua nikakuta tupu na kavu, labda kwa ule ubaridi wa usiku, labda kifuniko kilipitisha hewa. Sikuwa na wasiwasi sana, kwa kuwa kwenye kichupa cha mama nilikuwa nimeona ukungu unaanza, ukungu halisi, unatambaa. Waliogelea! Nilimwambia mama kwamba kesho yake nasafiri nao, na niliimba nikiosha vyombo.

Jioni alishuka shambani, akatoa kichupa na kukiweka mkononi mwangu, uso unang'aa.

"Tazama. Wamejaa kichupa kizima."

Walikuwa wamejaa. Jeli yote ilikuwa nyeupe, ina mapovu, na nilipolegeza kifuniko nilipokewa na harufu ya kitu kilichochacha. Jua bado lilikuwepo kidogo. Nilikimbilia hadubini. Bakteria wanene wa kila aina, chachu zinazochipuka, msongamano wa sokoni. Wa mama sikumwona hata mmoja.

"Mama, umefanya nini?"

"Nimewapa uji."

"Uji!"

"Kidogo tu, kwa ncha ya kijiti. Nilikuwa nakunywa wangu mchana juu ya dungu. Mgeni yuko kiunoni mwangu siku ngapi sasa, mimi nakula namtazama, yeye hali. Ni tabia gani hiyo?"

Niliwaka. Sikumbuki yote niliyosema, ila nakumbuka nilipiga meza na kioo cha hadubini kikalia. Kwake mama, mtu anaweza kumtaka mgeni aondoke, anaweza hata kumwombea afe, lakini hawezi kumnyima uji akiwa chini ya paa lake. Niliondoka nikaenda kukaa ukingoni mwa mto, pale ulipokula migomba, nikalia kwa hasira. Shahada ilikuwa imekwenda. Ndani ya tumbo la mama dawa ilikuwa imeshafanya kazi siku kadhaa, na hata angemeza uzi mwingine nisingepata kitu.

Akanifuata. Nilisikia ndara zake kwenye mchanga. Alikaa kando yangu.

"Nitaacha dawa," akasema.

"Unasema nini?"

"Hizo dawa. Nitaziacha. Kama wamebaki hata wawili watazaana. Utakuja tena, nitameza uzi, utawachukua wako. Mimi maumivu haya nimeyazoea."

Nilimgeukia. Hakuwa anatania. Mwanamke yule, ambaye kwa mara ya kwanza tangu nipate akili alikuwa amelala usiku mzima bila kuamka kushika tumbo, alikuwa tayari kulirudisha lile tumbo lake ndani ya nyumba ili mimi nisikose nafasi yangu. Hasira yangu iliisha pale pale. Nilimpenda kiasi cha kushindwa kusema, na nilichoweza kutoa kilikuwa ukali.

"Thubutu. Utazimaliza zote. Ukiacha njiani watakaobaki ni wale sugu."

"Na masomo yako?"

"Masomo yangu hayali tumbo lako."

Kisha, nikiwa natafuta njia ya kumwandikia profesa, likanijia jambo nililokuwa nalijua siku zote na ambalo, kwa kuwa sikuwahi kuumwa hata siku moja, sikulihusisha na mimi. Bakteria hawa hawaruki hewani kama mafua. Wengi huwapata utotoni, ndani ya nyumba zao, na mara nyingi kutoka kwa mama. Na mkobani nilikuwa na kidonge kimoja cha uzi, cha yule mtu aliyekuwa na mbuzi.

Nilimweleza mama kwamba huenda wapo ndani yangu pia, walewale wake.

"Ulikuwa hutaki kula," akasema. "Nilipoanza kukuachisha ziwa. Wali unautema, samaki unamtema. Nikawa nakutafunia. Natafuna mpaka kinakuwa laini, nakutia kinywani kwa kidole. Miezi na miezi." Akavuta leso yake akajifunika mabega, ingawa hakukuwa na baridi. "Basi ni mimi niliyekupa."

"Ulinipa chakula, mama."

"Nilikupa na hawa."

Nilimshika mkono, mkono mgumu wa jembe, tukarudi nyumbani.

Asubuhi nilimeza uzi. Nawaomba radhi wote niliowahi kuwaambia kwamba hausumbui: unasumbua. Nilikaa kwenye kigoda kile kile, na mama akakaa mbele yangu magoti yakigusana, anautazama uzi shavuni mwangu kama anayelinda chungu kisimwagike. Alikataa katakata mtu mwingine auvute. Niliogopa atavuta kwa nguvu, lakini mkono wake ulikuwa mwepesi, kidogo kidogo, na alikuwa anaimba kwa kunong'ona wimbo wa kubembelezea watoto bila kujua kwamba anaimba. Nilimwona jasho linamtiririka. Alipoumaliza aliuinua juu, unang'aa ute, akaniuliza, "Wamo?"

Walikuwemo. Wanapita wanazunguka, wana haraka zao.

Kichupa cha pili kilikaa kwangu. Nilikuwa nimevaa sketi ya mjini yenye zipu, isiyo na kibindo. Mama akanifunga leso yake moja na kunifundisha kukunja pindo na kupiga lile fundo, mara ya kwanza, mara ya pili, mpaka nikaliweza. Akanionya kwa kidole nisiwape kitu. Jirani yetu alikuja kuniaga na kibuyu, akaniuliza mifugo yangu iko wapi, nikajipigapiga kiunoni. Akanibariki mimi na mifugo yangu kwa Kiorma, dua ndefu, naamini ile ile anayowaombea ng'ombe wake.

"Na wewe utawaua lini hao?" mama akaniuliza kabla sijaondoka.

"Nikimaliza masomo."

"Niapie."

"Naapa."

Walifika Nairobi hai. Ukungu ulikuwa umetambaa hadi kwenye kioo cha kichupa, na profesa, yule mpole, alipiga makofi kama mtoto. Miezi iliyofuata ilikuwa ya kazi ile niliyoipenda kupita zote. Nilivunja jeni yao moja na kuona wanavyosimama. Niliwaacha wengine wakue wenyewe, na kila baada ya muda ukoo mmoja ulisimama bila mimi kuugusa, herufi imezidi moja, na siku nyingine wachache kati yao walianza kuogelea tena. Wa tumbo langu nao waliteleza na kujirudi, sawasawa na nilivyotarajia.

Lakini jambo ninalolikumbuka zaidi halikuwemo kwenye tasnifu. Nilikuwa nimehifadhi kipande kikavu cha uzi wa mama. Bakteria wake walikuwa wamekufa juu yake, ila DNA haihitaji mtu awe hai ili isomwe. Enzi zile tulizisoma herufi kwenye filamu nyeusi, mistari midogo iliyopangana, unaibandika kwenye kioo chenye taa na kusoma kwa rula kutoka chini kwenda juu. Nilibandika yake na yangu sambamba. Nilisoma jeni za mwendo moja baada ya nyingine, na ukiacha pale panapoteleza, zilifanana. Kulikuwa na kosa moja la herufi ambalo sikuliona kwa bakteria wengine wowote tuliokuwa nao maabara. Kwa mama lilikuwepo, na kwangu lilikuwepo, mahali pale pale. Nilizima taa ya kioo nikaenda kumpigia simu kupitia duka la Garsen, nikaacha ujumbe kwamba ni wale wale. Aliujibu kwa mtu aliyekuwa anasafiri: nimeze dawa.

Mama alipona. Alirudia maharage, akarudia achari ya embe yenye pilipili, akawa ananihesabia kila alichokula kama anayejisifu. Aliishi miaka mingi mizuri, na lililokuja kumchukua lilikuwa moyo, si tumbo. Tulimzika nyumbani. Jirani yake, naye kazeeka, alisimama nje ya uzio na kibuyu cha maziwa, hajui ampe nani.

Masomo nilikuwa nimeyamaliza zamani, na kiapo changu sikukitimiza. Sikuwa naumwa, na mtu asiyeumwa husahau. Bakteria wangu wa maabara walikaa kwenye friji la baridi kali huko Nairobi mpaka friji lenyewe likafa, baada ya mimi kuondoka, na kila kilichokuwamo kikamwagwa. Kisha mwaka mmoja baada ya msiba tumbo langu likaanza kuamka vibaya. Daktari aliingiza kamera, akaona kidonda, akakuta wapo. Akaniandikia dawa.

Niliziweka mezani nikazitazama. Mimi si mtu wa mambo hayo, nimesoma vya kutosha kujua kwamba bakteria ni bakteria. Lakini pia nilikuwa nimesoma ile filamu nyeusi kwa macho yangu. Hao waliokuwa wakiogelea ndani yangu walitoka kinywani mwake, kwa kidole chake, nami nikiwa sijui hata kusema mama. Katika vilivyotoka mwilini mwake hakikusalia kitu kingine chenye uhai duniani ila mimi na wao.

Nikaanza dawa asubuhi ile, kabla sijala, na sikuacha njiani. Siku nilipomeza kidonge cha mwisho nilikaa ukingoni mwa kitanda nikalia kama siku tuliyomzika, huku nikijua kabisa kwamba angekuwepo angeniambia tu kuwa nimechelewa.